Mishipa ya damu isiyo ya kawaida mgongoni: kama MRI imeshaona, kwa nini mzee apitishwe mrija?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kuhusu baba yangu, ana miaka 63 na ni mkulima wa mpunga. Kwa miezi 14 sasa miguu yake inalegea. Alianza kwa kusema inakuwa mizito akitembea mwendo mrefu, kisha nyayo zikafa ganzi, na sasa anatembea kwa fimbo na mkojo unamsumbua. Alitibiwa tezi dume bila nafuu. MRI ya kiuno ilionesha diski (mito ya katikati ya pingili) zilizochakaa. MRI ya pili, ya sehemu ya kifua, ilionesha uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Tukaambiwa ni kinga ya mwili inayoshambulia mishipa ya fahamu, akawekewa steroidi kwa dripu. Siku ya pili miguu ilikata kabisa, na ilichukua zaidi ya wiki kusimama tena. Sasa daktari mwingine ameangalia picha zilezile, ameandika kwamba anashuku fistula ya dura, na anataka angiografia kwa mrija unaopitishwa kwenye kinena. Kama MRI imeshaona, kipimo hiki ni cha nini? Kikikosa kuona kitu, je? Na tunaweza kusubiri hadi tuvune?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kufika kwenye maswali yako matatu, naomba nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni kukata kwa miguu ya mzee siku ya pili ya steroidi. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko karatasi nyingi mlizobeba. Mgonjwa ambaye ugwe wake, yaani kamba ya fahamu iliyo ndani ya mgongo, umevimba kwa sababu ya kushambuliwa na kinga ya mwili kwa kawaida hupata nafuu kwa dawa hiyo, au hubaki alipokuwa. Yule ambaye miguu inakata ndani ya saa au siku chache baada ya dozi kubwa ya mshipani anapaswa kumfanya daktari arudi kwenye picha na kutafuta mishipa ya damu, kwa sababu hali hiyo inajulikana vyema kwa wagonjwa wa fistula ya dura. Mwelezeni hivyo kila daktari atakayempokea, hata kama hajauliza, ili asirudishiwe dripu ileile mara ya pili. Ikiwa bado anameza vidonge vya steroidi, msimwachishe wenyewe ghafla, kwani mwili uliozoea dawa hiyo huweza kuanguka vibaya; mwambieni daktari naye apange namna ya kuipunguza.

Nieleze pia maneno mawili yanayowatisha watu bure. Neno fistula kwetu limezoeleka kwa kina mama walioumia wakati wa kujifungua, na familia nyingi hushangaa kulikuta kwenye karatasi ya mzee. Maana yake ni njia isiyostahili kuwapo kati ya sehemu mbili, na hapa sehemu zenyewe ni ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha. Neno la pili ni uvimbe, ambalo kwa Kiswahili hubeba maana ya kujaa maji na maana ya nyama iliyoota. Katika picha za baba yako, kwa jinsi ulivyoeleza, kinachozungumzwa ni ugwe uliojaa maji, si saratani.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo umo ugwemgongo, yaani kamba ya mishipa ya fahamu, nao umefunikwa na utando mgumu uitwao dura. Kila mzizi wa neva unapotoka hupita kwenye kifuko kidogo cha utando huo, na kwa mgonjwa wa fistula hapo kwenye kifuko ndipo ateri nyembamba inayolisha utando huungana na vena ambayo haikuumbwa kupokea damu yenye shinikizo. Kazi ya vena ile ni kutoa damu iliyokwisha kutumika kwenye ugwe. Ikiingiliwa na damu ya ateri, mkondo wake hugeuka: damu hurudi ndani, hujaza vena zinazotambaa juu ya ugwe, na shinikizo husafiri mbali na tundu lenyewe, yaani pale ateri na vena zilipoungana, mara nyingi hadi ncha ya chini. Mzee ataelewa haraka ukimwambia kwamba mtaro wa kutolea maji shambani umegeuka kuwa wa kuingizia. Shamba halikosi maji, linafurika, na mpunga unaoza mizizi.

Madaktari wenyewe walichelewa kulielewa hili. Foix na Alajouanine wa Ufaransa walieleza mwaka 1926 ugonjwa wa ugwe unaokufa taratibu pamoja na vena zilizotanuka juu yake, na kwa miongo mingi baadaye madaktari wa upasuaji walidhani ugonjwa ni zile vena ndefu zilizojiviringa, wakawa wanazibandua kutoka kwenye ugwe pingili baada ya pingili, huku wakiharibu mfereji pekee uliobaki wa kutolea damu. Ni mwaka 1977 ndipo Kendall na Logue, wakiwa London, walipoonesha kwamba tundu liko kwenye dura, pembeni ya mzizi wa neva, na kwamba ukilifunga hapo vena hizo zinanywea zenyewe. Tangu hapo swali kuu la upigaji picha limekuwa moja: tundu liko wapi, kwenye pingili ipi, upande gani?

MRI peke yake haijibu swali hilo, na hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. MRI inaonesha mafuriko. Katika picha ya ubavuni, ile inayouonesha mgongo kama umepasuliwa katikati kutoka juu hadi chini, na kwa aina ya picha iitwayo T2, maji yanayouzunguka ugwe ni meupe na ugwe wenyewe ni kijivu cha giza. Kwa mgonjwa wa fistula, katikati ya ugwe hutokea mchirizi mweupe unaopita pingili kadhaa na mara nyingi kufika hadi ncha ya chini. Kisha angalia nyuma ya ugwe, ndani ya yale maji meupe. Utaona vidoti vyeusi vilivyopangana kama siafu wanaovuka njia, vingine vikiungana kuwa kijistari kilichopindapinda. Hizo ni vena zilizotanuka. Huonekana nyeusi kwa sababu damu inayotembea haiachi alama kwenye picha ya aina hiyo. Picha nyembamba zaidi za T2 zenye vipande vya milimita moja au pungufu huvionesha vidoti hivyo hata vikiwa hafifu, na ikichomwa dawa ya gadoliniamu vinang'aa.

Siafu hao huwa na wadanganyifu wao. Maji ya mgongoni hudunda kwa mapigo ya moyo, na mdundo huo huacha madoa meusi nyuma ya ugwe wa mtu mzima wa afya kabisa. Tofauti ni ukingo: doa la maji halina mpaka, limefifia kama wino uliomwagikiwa maji, na halionekani mahali palepale katika picha ya mkato wa upande mwingine, lakini vena ina ukingo mkali na unaweza kuifuata kutoka kipande kimoja hadi kingine. Wazee wenye mfereji wa kiuno uliobanwa nao huwa na mizizi ya neva iliyojikunja juu ya mahali palipobanwa, ambayo huonekana kama nyoka, lakini hiyo haing'ai kama vena baada ya gadoliniamu na ugwe ulio juu yake haujajaa maji. Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliongeza alama nyingine inayosaidia: kwa baadhi ya wagonjwa, ugwe unaong'aa baada ya dawa huwa na pengo katikati, kipande kisichong'aa, kana kwamba mtu amemega. Alama hiyo ikionekana, ugonjwa wa kinga ya mwili unapoteza nguvu kama maelezo.

Ninapenda pia kuiona ile MRI ya kwanza, ya kiuno, iliyosomwa kwamba ni diski tu. Picha ya kiuno ikipigwa vizuri hukamata ncha ya ugwe kwenye kona ya juu, karibu na pingili ya mwisho ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Msomaji aliyeitwa kutafuta diski huanzia chini, anakuta diski, anaandika diski, na jicho halipandi tena. Nimeona zaidi ya mara moja ule mchirizi mweupe ukiwa umekaa kimya kwenye kona hiyo, katika picha iliyopigwa mwaka mzima kabla ugonjwa haujatajwa. Mtu wa miaka 63 kuwa na diski zilizochakaa ni jambo la kawaida. Diski ya kiuno haiwezi kueleza ganzi inayopanda hadi kitovuni, wala mchirizi mweupe kwenye ugwe ulio juu yake.

Nisiwalaumu sana waliotangulia. Fistula ya dura ni adimu. Inakadiriwa wagonjwa wapya ni 5 hadi 10 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, ingawa ndiyo peke yake inayochukua takribani asilimia 70 ya mishipa yote isiyo ya kawaida ya ndani ya mgongo. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, umri uleule wa tezi dume na diski, na dalili zake zinaiga vyote viwili. Kwetu Afrika Mashariki kuna magonjwa mengine ya kufananishwa nayo ambayo vitabu vya Ulaya huyataja kwa mstari mmoja. Kichocho kinachoingia kwenye ugwe hupenda ncha ileile ya chini, na mtu anayelima mpunga huingia majini kila msimu, kwa hiyo daktari ana haki ya kukifikiria. Ila kichocho huwakamata zaidi vijana, hujitokeza ndani ya siku au wiki chache pamoja na maumivu, na kwenye picha huleta vinundu vidogovidogo vinavyong'aa. Tatizo ni kwamba matibabu ya kichocho cha ugwe ni prazikwanteli pamoja na steroidi, kwa hiyo kukosea kati ya hivyo viwili kunaweza kumrudisha mzee kwenye ile siku ya pili. Kifua kikuu cha mifupa hula pingili na diski, na MRI hukionesha waziwazi. Upungufu wa vitamini B12 na virusi vya HTLV-1 huamuliwa kwa damu, na vipimo hivyo ni vizuri vifanyike bila kuisimamisha safari ya angiografia.

Daktari akiandika mishipa ya damu isiyo ya kawaida, si lazima iwe fistula. Wapo wagonjwa wenye kichaka cha mishipa ndani ya ugwe wenyewe; hao kwa kawaida ni vijana, na hupatwa na maumivu makali ya ghafla ya mgongo kwa sababu kichaka kimevuja damu. Ipo pia kavanoma, fundo la vishimo vya damu lenye pete nyeusi kuizunguka kwenye MRI, ambalo angiografia haioni kabisa kwa sababu damu ndani yake karibu imesimama. Na mkikuta kwenye ripoti neno hemanjioma ya pingili, msikose usingizi: hiyo iko ndani ya mfupa, takribani mtu mmoja kati ya kumi anayo, na isipokuwa kwa wachache sana haina inachodhuru. Nimepokea familia zilizouza ng'ombe kwa ajili ya hemanjioma.

Sasa tuje kwenye tundu. Kati ya MRI ya kawaida na mrija ipo hatua moja ambayo ingefaa mzee aipate kama mashine inaruhusu, nayo ni MRI ya mishipa ya damu, ambapo gadoliniamu huchomwa na picha hupigwa haraka mfululizo ili kuiona dawa ikipita kwenye ateri kabla haijafika kwenye vena. Ikifanywa vizuri humwelekeza daktari kwenye pingili husika au iliyo jirani yake. CT ya mishipa huweza kufanya kazi hiyo mahali pasipo na MRI ya namna hiyo, ila kwa mionzi na kwa uhakika mdogo kidogo. Faida yake si ndogo: anayejua pa kuanzia atachoma mishipa michache, atatumia dawa kidogo, na figo za mzee zitashukuru.

Hata hivyo hatua hiyo haichukui nafasi ya mrija. Uvimbe kwenye ugwe haukuambii tundu liko wapi, kwa sababu maji hujaa chini na mtaro unaweza kuwa umegeuzwa popote. Fistula nyingi ziko kati ya pingili ya 6 ya kifua na ya 2 ya kiuno, lakini ipo iliyo kwenye nyonga, karibu na mfupa wa mkalio, na ipo iliyo ndani ya fuvu la kichwa ambayo vena yake inateremka shingoni na kufurisha ugwe. Katika angiografia daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye ateri ya kinena hadi kwenye aota, ateri kuu ya mwili, kisha huutia kwenye mdomo wa kila ateri inayotoka kwenda mgongoni, kulia na kushoto, pingili kwa pingili, akichoma dawa kidogo ya ayodini na kupiga picha za mfululizo. Kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo haonekani mgeni: ateri inajaa, nusu ya pingili inakolea kidogo, dawa inapotea. Halafu kwenye pingili moja, upande mmoja, kijiuzi chembamba kinapanda kuelekea kwenye kifuko cha mzizi wa neva, kinajiviringa hapo, na kutoka upande wa pili kama vena inayopanda au kushuka taratibu juu ya ugwe kwa urefu wa pingili sita au saba. Anayeiona mara ya kwanza hushangazwa na utaratibu wake. Hakuna vurugu, ni mkondo mdogo mvivu, na mkondo huo ndio umemnyang'anya mtu miguu.

Jambo la pili ambalo mrija pekee hulionesha kwa uhakika ni ateri ya Adamkiewicz, iliyopewa jina la mtaalamu wa Kipoland aliyeieleza mwaka 1882. Ndiyo inayolisha nusu ya chini ya ugwe, na mara nyingi hutoka upande wa kushoto kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua, ikipanda kisha kupinda ghafla kama kibanio cha nywele. Ikitoka kwenye shina lilelile linalolisha fistula, hairuhusiwi kuziba tundu kwa gundi kupitia mrija, ambayo ni njia mojawapo ya tiba, kwa sababu gundi ikipotea njia ugwe hufa papo hapo; hapo mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji, ambaye hufungua pingili, hukata ile vena pale inapopenya dura, na kufunga. Daktari hawezi kuchagua kati ya gundi na kisu bila picha hii. Kwa wagonjwa ambao njia zote mbili ziko wazi, upasuaji ndio unaofunga tundu kwa uhakika zaidi mara moja, wakati gundi hufaulu tu ikifika hadi mwanzo wa vena. Ikiishia kwenye ateri, tundu hujitafutia njia nyingine na dalili hurudi.

Swali lako la pili, kama kikikosa kuona kitu, lina jibu refu kidogo. Angiografia isiyoonesha fistula ina thamani sawa na orodha ya mishipa iliyochomwa. Ombeni ripoti inayotaja kila pingili, kulia na kushoto, na muisome neno kwa neno. Kazi kamili hugusa ateri zaidi ya 30: zile za mbavu, za kiuno, zile za nyonga na mkalio, na kama bado hakuna kitu, zile za shingoni pamoja na zinazolisha utando wa ubongo. Ripoti ikisema mishipa minne haikufikiwa kwa sababu aota ya mzee imepinda au mdomo wa ateri umeziba kwa mafuta, basi kipimo hakijaisha, kimesimama. Ipo pia dalili ya kumtia daktari moyo wa kuendelea: dawa ikichomwa kwenye ateri ya Adamkiewicz, vena za ugwe huonekana baada ya sekunde chache; zikichelewa sana au zisionekane kabisa, ugwe bado umefurika, na tundu lipo mahali fulani hata kama halijapatikana. Zikionekana kwa wakati wake, daktari ana sababu nzuri ya kurudi kwenye magonjwa mengine.

Hatari za kipimo zipo na mzisikie kabla ya kutia sahihi. Madhara kwa mishipa ya fahamu ni machache mikononi mwa aliyezoea, hata hivyo yanaweza kutokea. Kinachotokea zaidi ni michubuko ya kinena. Apimwe kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, aseme kama anatumia metfomini kwa ajili ya kisukari au dawa za kuyeyusha damu, na kama aliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya dawa ya CT. Tangu mwaka 2018 Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa radiolojia ya tiba kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa hiyo ujuzi wa mrija haupatikani tena ng'ambo peke yake. Hata hivyo anayepitisha mrija kwenye ini au mfuko wa uzazi kila wiki si lazima awe amezoea mgongo. Muulizeni daktari kwa heshima, bila aibu, amefanya angiografia kamili za mgongo ngapi, na kama yuko daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu aliye tayari kuipokea kazi tundu likipatikana.

Kuhusu kusubiri mavuno: hapana. Mtu anayetembea kwa fimbo siku ya kufungwa tundu ana nafasi nzuri ya kubaki anatembea, na wengi huongeza nguvu. Aliyefika akiwa amelala hurudisha kidogo, na mkojo huwa wa mwisho kurudi, kama utarudi. Nahesabu kwa wiki, si kwa misimu. Kama fedha ni za kuchagua, msizitumie kurudia MRI ya kiuno. Ziwekeni kwenye angiografia. Wakati mnajiandaa, asibebe mizigo mizito wala asikazane chooni, kwa sababu kila anapokaza tumbo shinikizo la zile vena hupanda. Asitolewe maji ya mgongo mpaka mishipa ichunguzwe, maana hilo nalo limewahi kuwalaza watu wa namna yake. Miguu ikikata tena au mkojo ukizuika kabisa, aende hospitali siku hiyohiyo, na mkononi mbebe CD za picha zote, ikiwamo ile ya kiuno ya mwanzo, kwa kuwa karatasi ya ripoti haioneshi kona ya juu.